Mpaka Sakafu Ikauke

Kile kituo cha afya kilikuwa na mkuu wake, kilikuwa na wauguzi, mtu wa dawa na mtu wa maabara, lakini ukumbi wa mapokezi ulitawaliwa na Mama Bado. Kwenye karatasi cheo chake kilikuwa mfanya usafi. Kwenye ukumbi hakuna aliyekanyaga sakafu kabla yeye hajaruhusu.

Jina hilo alipewa na wagonjwa, na alilistahili. Mtu akiinua kisigino tu kutoka kwenye benchi, hata hajasimama sawasawa, sauti inatoka kule nyuma ya dekio: "Bado!" Na mtu anakaa. Inasemekana siku moja alikuja hakimu wa mahakama, mtu aliyezoea watu wasimame anapoingia, akaambiwa bado, naye akakaa kimya na faili lake mapajani.

Sheria zake zilikuwa chache na hazikuandikwa popote. Mwenye haja ndogo aende sasa hivi, maana deki ikishapigwa njia ya chooni imefungwa. Ukirudi unakaa kwenye benchi refu lililosukumwa mpaka ukutani, mgongo umeegemea, kwa sababu benchi likiachwa katikati yeye atapiga deki wapi? Miguu yote miwili chini, juu ya mkeka wa plastiki. Ukipandisha mguu juu ya mguu tope la kiatu linadondoka. Halafu unyamaze. Hili la kunyamaza ndilo lililowakera wengi, lakini Mama Bado alikuwa ameshafanya uchunguzi wake wa miaka mingi: mtu akiongea, miguu yake haitulii.

Barabara iliyopita mbele ya kituo haikuwa na lami. Kiangazi ilitoa vumbi, wakati wa mvua ikatoa tope, na watu waliingia kumi kumi kutoka dirisha la kadi, kila kumi na uchafu wao. Kwa hiyo kila kundi likishakaa, Mama Bado anapiga deki kutoka benchi mpaka mlango wa Sista, yule muuguzi wa kupima presha, na kundi linasubiri. Dakika sita, saba, siku ya mawingu hata kumi. Sakafu yenyewe ilikuwa ya saruji nyekundu iliyosuguliwa na miguu ya miaka mingi, na ikilowa inateleza kama sabuni.

Usidhani ukali huo ulitoka hewani. Miaka kumi na moja nyuma, katika wiki yake ya pili kazini, alipiga deki kisha akatoka kwenda kubadilisha maji. Akaingia fundi viatu, mwanamume mnene mchangamfu mwenye haraka zake, akateleza akaanguka kwa upande. Alikuja na kikohozi, akaondoka na nyonga iliyovunjika. Alilala miezi mitano. Kila Jumapili Mama Bado alikwenda kumwona na chupa ya chai, na kila Jumapili fundi alimwambia, "Mama, huna kosa, mimi ndiye niliyekuwa nakimbia." Maneno hayo ndiyo yaliyomuumiza zaidi. Angemtukana angelala usingizi. Tangu hapo akaapa kwamba maadamu yeye yuko hai na dekio liko mkononi, hakuna mtu mwingine atakayeanguka pale.

Fundi viatu alirudi kwa miguu yake na mkongojo, na akawa mtiifu wa kwanza wa benchi. Akisikia mtu anabishana na Mama Bado, yeye hugonga mkongojo chini mara moja tu na kusema, "Ndugu yangu, kaa. Mimi niliwahi kuwa na haraka kama wewe."

Mambo yaliharibika alipokuja mkuu mpya wa kituo. Alikuwa kijana msafi, mwenye tai, aliyependa foleni zitembee. Wafanyakazi walimbandika jina Bwana Haraka kabla hajamaliza wiki. Alileta saa kubwa ya ukutani na sanduku la maoni, na sanduku halikukawia kujaa. "Tunacheleweshwa na mfagiaji." "Nimeamriwa ninyamaze kama mtoto wa shule, nami ni babu wa wajukuu saba." Kulikuwa pia na kikaratasi kilichosema, "Choo ni kisafi, asanteni," lakini hicho Bwana Haraka hakukisoma kwa sauti.

Mwezi wa tano alimpa Mama Bado barua. Ilikuwa na mhuri na mistari minne tu: likija lalamiko jingine moja la kuchelewesha wagonjwa, mkataba wake unaoisha mwisho wa mwezi wa sita hautaongezwa. Aliisoma mara mbili akiwa stoo, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Aliishi na mdogo wake, fundi cherehani ambaye macho yalikuwa yameanza kumkatalia kuona tundu la sindano, na mshahara wa Mama Bado ndio uliokuwa umewashika wote wawili. Nani angemwajiri mwanamke wa umri ule, anayejua kazi moja tu? Aliikunja barua akaitia kwenye mfuko wa aproni, na tangu siku hiyo akawa anatembea nayo.

Wiki ya kwanza ya mwezi wa sita Bwana Haraka aliita kikao.

"Tunapata wageni Jumatano," akasema. "Watafiti. Wamezunguka vituo zaidi ya ishirini wakichukua namba za presha za wagonjwa. Kisha wakawafuata watu wale wale majumbani, wakawapima upya taratibu. Vituo vingine vyote, namba za kituoni ziko juu kuliko za nyumbani. Watu wanapewa vidonge ambavyo pengine hawavihitaji. Kwetu sisi namba zinalingana."

"Si ndiyo vizuri?" akauliza Sista.

"Vizuri, au kuna mtu anajaza namba bila kupima." Alisema hivyo huku akiangalia kalamu yake, lakini kila mtu alijua kalamu haina kosa. "Watakaa mapokezi asubuhi nzima. Wataangalia kila kitu." Halafu akageuka akamtazama Mama Bado aliyekuwa amesimama karibu na mlango. "Kila kitu, mama. Tumeelewana?"

Mama Bado alielewa alivyoelewa. Alifika nyumbani hana hamu ya kitu.

"Wanakuja kuniangalia mimi," akamwambia mdogo wake. "Mgeni mmoja akiandika kwamba nachelewesha watu, basi, nimekwisha."

Mdogo wake alisimamisha cherehani. "Dada, ni siku moja tu. Piga deki asubuhi na mapema, ikauke, halafu weka dekio stoo. Watu wakija waache wapite. Wewe simama pembeni, uwachekee."

"Niwachekee?"

"Jaribu. Haiumi."

Jumatano ndiyo ilikuwa siku ya wenye presha, na ukumbi ulijaa mapema. Watafiti walimtuma mmoja wao, mwanamke wa makamo mwenye miwani na viatu vya raba, aliyesalimia kila mtu mpaka mlinzi. Alipewa kiti kwenye kona. Mama Bado alikuwa ameshapiga deki tangu kunapambazuka, sakafu ilikuwa kavu kabisa, na yeye alikuwa amesimama mlangoni akicheka kama alivyoagizwa. Wagonjwa waliingiwa na hofu. Mama mmoja alimsogelea akamuuliza kwa sauti ya chini kama kuna msiba.

Fundi viatu aliingia na mkongojo wake, akaenda moja kwa moja kwenye benchi lake.

"Pita tu, Fundi," Mama Bado akamwambia.

"Nipite wapi?"

"Kwa Sista. Pita."

"Na sakafu?"

"Kavu. Pita, baba, usiniangushe mbele ya wageni."

Akapita, huku akigeuka nyuma kila hatua mbili. Wengine walipoona hivyo wakafuata kwa msururu, wakisukumana, wakisimuliana habari za wiki nzima. Aliyebanwa na mkojo alijikaza asipoteze nafasi. Aliyetoka kupanda kilima alifika kwenye kiti cha Sista anahema bado, mkanda wa presha ukafungwa mkononi huku akimalizia hadithi ya mbuzi wa jirani. Foleni ilitembea kama Bwana Haraka alivyoiota, naye alipita mara mbili akiangalia saa yake ya ukutani kwa furaha.

Sista ndiye aliyekuwa hana furaha. Mgonjwa wa kwanza, juu. Wa pili, juu. Wa tatu alikuwa mwanamke ambaye kwa mwaka mzima presha yake haikuwa na neno, naye juu. Sista akabadilisha betri. Akabadilisha mashine. Kwenye kona, mtafiti aliandika bila kuinua kichwa.

Fundi viatu alipotoka, alikuwa amebadilika sura. "Mia hamsini na nane," akamwambia Mama Bado. "Mwezi jana ilikuwa mia thelathini na mbili. Sista anasema huenda nikaanzishiwa vidonge." Alikwenda kukaa kwenye ngazi za nje. "Kaka yangu kiharusi kilianza hivi hivi," akasema. Mama Bado hakuwahi kumwona anaogopa, hata siku ile alipokuwa amelala juu ya sakafu nyekundu na nyonga imevunjika.

Saa nne ilipopita, mtafiti aliomba kuzungumza na mkuu ofisini, na Sista akaitwa. Mlango haukufungwa sawasawa. Mama Bado alikuwa anafuta dirisha la korido, na simtetei, msomaji: alisikiliza kwa makusudi.

"Sitaki kumkosea mtu heshima," mtafiti alikuwa anasema. "Lakini namba za leo zinafanana na za vituo vingine. Za miezi iliyopita zilikuwa nzuri ajabu. Tusipokuwepo ni nzuri, tukiwepo zinapanda. Lazima niulize. Zile za nyuma zilipimwa kweli?"

"Nimepima kila mmoja kwa mikono yangu," Sista akajibu, na sauti yake ilikuwa imeshalowa machozi.

"Sista," akasema Bwana Haraka, "kama ulipika namba, sema sasa hivi. Ukisema mwenyewe nitajua pa kukusaidia."

Hapo Mama Bado aliacha tambara dirishani. Alijua vizuri kwamba angeweza kuendelea kufuta vioo. Barua ilikuwa mfukoni, mkataba ulibakiza wiki tatu, na asubuhi nzima hakuna aliyemlalamikia. Lakini alikuwa amekaa miaka yote hiyo upande wa pili wa mlango wa Sista. Alimjua. Huyu alikuwa mtu wa kumrudisha mgonjwa kutoka getini kwa sababu mkanda haukukaa vizuri. Akaingia bila kubisha hodi.

"Sista hapiki namba," akasema. "Mimi sijui mambo ya presha. Lakini kama mnatafuta kilichobadilika leo hapa, ni mimi. Kila siku nawazuia watu kwenye benchi. Leo nimewaacha wapite kwa sababu nilikuwa naogopa wageni."

Bwana Haraka alifumba macho. "Mama, tafadhali. Hayo tutazungumza baadaye."

"Tuzungumze sasa," akasema mtafiti. "Unawazuia vipi, mama?"

"Mpaka sakafu ikauke."

"Dakika ngapi?"

"Sita, saba. Sijawahi kutumia saa. Naangalia sakafu."

"Wakiwa wamekaa?"

"Sasa wakisimama si watakanyaga? Wanakaa, mgongo ukutani."

"Miguu?"

"Chini, yote miwili. Sipendi mguu juu ya mguu, unadondosha tope." Mama Bado alianza kujitetea, maana aliona kila jibu linamzamisha zaidi. "Na wananyamaza. Mnaweza kuniandika hata hilo. Nawanyamazisha watu wazima. Halafu kabla ya yote nawapeleka chooni, kwa sababu..."

"Unawapeleka chooni?" Mtafiti alikuwa amevua miwani.

"Wenyewe wanakwenda. Mimi nawakumbusha tu."

Mtafiti akafungua mkoba wake, akatoa karatasi iliyopigwa chapa. Ilikuwa orodha ya namna ya kumwandaa mtu kabla ya kupimwa presha, ile waliyokuwa wakiifuata wao wenyewe walipozunguka majumbani. Akaanza kuweka alama kwa kalamu, moja baada ya nyingine: apumzike dakika tano, aegemeze mgongo, miguu ikae chini bila kupishana, asizungumze, awe ametoka chooni. Alipofika mwisho alikuwa anacheka peke yake, na Sista alikuwa ameacha kulia akabaki mdomo wazi.

"Mama," akasema, "unaweza kupiga deki sasa hivi?"

"Sakafu ni safi."

"Najua. Piga."

Hilo lilimuudhi kidogo, kwa sababu alichukia kupoteza sabuni, lakini alikwenda stoo akatoa dekio. Waliokuwa hawajaondoka waliitwa warudi, wakapatikana kumi na wanne. Mama Bado alisimama katikati ya ukumbi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akawa hacheki.

"Mwenye haja ndogo aende," akasema. Nusu yao wakainuka. "Haya. Mgongo ukutani. Miguu chini. Wewe wa shati la bluu, huo mguu. Sasa kimya."

Ukumbi ukatulia, ikabaki sauti ya dekio na ya saa ya Bwana Haraka. Mtu mmoja akainua kisigino. "Bado!" Akakishusha. Naye mkuu alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake, mikono nyuma, hajui aiweke wapi sura yake.

Sakafu ilipokauka Sista alipima mmoja mmoja. Namba zilishuka. Si zote. Wawili walibaki juu vile vile, maana aliye na presha anayo tu na benchi halimponyi mtu, na hao waliandikiwa waende kwa daktari siku hiyo hiyo. Lakini wengine walishuka wazi wazi. Fundi viatu alipimwa mara mbili kwa ombi lake mwenyewe, kisha akataka aoneshwe mashine ana kwa ana. Mia thelathini na nne. Alishusha pumzi ambayo nadhani ilisikika mpaka getini.

"Mama Bado!" akaita. "Siku nyingine ukiniambia nipite, nitakupiga na huu mkongojo."

Mama Bado akaegemea dekio. Alicheka, na safari hii hakuna aliyemuuliza kama kuna msiba, ingawa machozi yalikuwa yanamtoka kweli.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa mwendo wa mambo ya ofisi, na mkataba wa Mama Bado ukawa unasogezwa mwezi kwa mwezi. Utafiti ulihesabiwa, ukaandikwa, ukasomwa na wakubwa, na ulisema kwa lugha ndefu kitu ambacho sisi tunaweza kukisema kwa kifupi: wengi walikuwa wanapimwa wakiwa wanahema, wanaongea na wamebanwa, na namba iliyopatikana hapo ndiyo iliyoamua wanywe vidonge miaka na miaka. Hakuna aliyeambiwa atupe dawa zake. Waliitwa taratibu wakapimwa upya, na daktari ndiye aliyeamua nani aendelee, nani apunguziwe, nani aache. Kisha ukaja waraka kwa vituo vyote: benchi liwe ukutani, mgonjwa akae dakika tano kimya, apite chooni kwanza, na muda huo usihesabiwe kuwa ucheleweshaji. Ndani ya ripoti, Mama Bado alitajwa kama "utaratibu wa mapokezi." Mdogo wake alipoambiwa alicheka mpaka akatoboa kidole kwa sindano, na kwa wiki nzima akawa anamwita dada yake Utaratibu.

Bwana Haraka aliusoma waraka kikaoni kwa sauti nzito, utafikiri ameutunga yeye. Lakini mwisho aliukunja, akasema, "Ile barua niliyokupa, mama, naiomba." Mama Bado aliitoa mfukoni, imeshalainika kwa kukunjwa. Mkuu aliichana mara mbili mbele ya wafanyakazi wote, akaweka vipande kwenye sanduku la maoni. Tangu siku hiyo niliacha kumsema vibaya, japo jina lake nimeliacha kama lilivyo.

Mkataba mpya ulikuwa umeshachapwa. Wa miaka mitatu. Mama Bado alikwenda nao kwenye chumba cha Sista kuazima kalamu, na mkono ukawa unamtetemeka hivi kwamba hakuweza kuandika jina lake.

"Hebu nikupime," akasema Sista. "Miaka yote hii sijawahi kukupima."

"Nipime."

"Kwa mkono huo unaotetemeka? Unajua utaratibu. Nenda kakae."

Ndipo ikaonekana kwamba katika miaka kumi na moja Mama Bado hakuwahi kukaa kwenye lile benchi hata mara moja. Alikwenda chooni kwanza, akarudi, akakaa kati ya fundi viatu na mwanamke mmoja mwenye kikapu. Aliegemeza mgongo. Aliweka miguu yote miwili chini. Mkataba ulikuwa mapajani, na mbele yake ulikuwa ukumbi wote, mwekundu, aliokuwa amemaliza kuupiga deki muda si mrefu. Kutoka pale aliweza kuiona sehemu fundi alipoangukia, karibu na nguzo. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuthubutu. Hakuna mtu mwingine aliyeanguka hapo.

Chini ya dirisha la kadi akaona tone dogo la maji limebaki. Akaweka mkono kwenye benchi, akainua kisigino.

"Bado," akasema fundi viatu, bila kumtazama.

Mama Bado akakishusha kisigino, akakaa.